Uwanja wa Wote, Lakini Baba Angekaa Wapi?

Kama ulisikiliza kipindi cha wiki iliyopita, unajua tulipotea njia. Mada ilikuwa bei za tiketi za ndege za Desemba. Dakika kumi na tano baadaye, hata sijui tulifikaje huko, mimi na mwenzangu tulikuwa tunabishana kuhusu Beaver Stadium.

Mwenzangu alisoma Penn State, na chuo chake kinajenga upya upande wote wa magharibi wa uwanja huo. Mradi uliidhinishwa mwaka 2024, gharama hadi dola milioni 700, na lengo ni kumaliza kufikia msimu wa 2027. Ana hasira. Anasema uwanja ule, na vyuma vyake vinavyoonekana waziwazi kama jengo ambalo fundi hajalimaliza, uzuri wake uko hapo hapo kwenye vyuma. Sasa wanataka kuleta vyumba vya vioo kwa ajili ya wenye hela. Mimi nikajifanya mtu mzima. Nikamwambia kila uwanja unapitia hayo, sisi Michigan tulipitia na hatukufa. Ndipo akaniuliza, hewani, kwa sauti yake ile ya uchokozi: "Sawa bwana. Na wewe mwaka 2007 ulikuwa upande gani?"

Nikacheka, nikageuza maneno. Mlisikia, na wengine mmenitumia ujumbe wa sauti mkisema nimekwepa swali. Ni kweli nilikwepa. Basi jibu hili hapa. Ni refu kidogo, na mimi mwenyewe sitoki vizuri sana ndani yake.

Bakuli

Kwa ambaye hajafika Ann Arbor: Michigan Stadium ndio uwanja unaochukua watu wengi kuliko wote Marekani, 107,601 kwa hesabu ya sasa. Unachezewa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kuangushana, na wanaocheza ni wanafunzi wa chuo. Hilo lilimshangaza kila mjomba aliyewahi kututembelea. "Yaani watu laki moja wanakuja kuwaangalia wanafunzi?" Ndiyo mjomba. Kwenye baridi.

Aliyeusimamia ni Fielding Yost, kocha wa zamani aliyekuja kuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo. Ulifunguliwa Oktoba 1, 1927, kwa gharama ya dola 950,000. Fedha zilipatikana kwa kuuza hati za mkopo 3,000, kila moja dola 500, na aliyenunua alipewa haki ya kununua tiketi. Mwanzoni ulikuwa wa watu 72,000, lakini Yost alikuwa na tamaa kubwa zaidi. Alihakikisha misingi inawekwa mapema ili siku moja uweze kubeba zaidi ya watu 100,000. Siku hiyo ilifika. Mwaka 1956 hesabu ilikuwa 101,001, na ile moja ya mwisho inasemekana ni kiti cha heshima cha Fritz Crisler, kocha na mkurugenzi mwingine wa zamani. Mpaka leo hesabu ya viti inaishia na moja.

Lakini uzuri wake haukuwa idadi. Uzuri wake ni umbo. Mfano wake ni uwanja wa Yale, ambao ni bakuli lililochimbwa ardhini, na hapa pia karibu robo tatu ya uwanja iko chini ya ardhi. Kabla ya upanuzi, ukipita barabarani ungeweza usijue kuna nini pale. Unaona ukuta wa kawaida tu. Unaingia geti, unatembea hatua chache, halafu ghafla dunia inafunguka chini ya miguu yako: mteremko mmoja, mzunguko mmoja, bila ghorofa ya pili, bila nguzo, mabenchi yale yale kutoka juu hadi chini. Unakaa, daktari wa hospitali yuko kushoto kwako, mfagiaji wa hospitali hiyo hiyo yuko kulia, na magoti ya mtu wa nyuma yamo mgongoni mwako.

Mara ya kwanza kuingia nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa msimu wa 1997, ule ambao Michigan haikupoteza mechi hata moja. Baba alinishika mkono, tukafika juu ya ngazi, akasimama. Kila tulipoingia alisimama mahali pale pale na kusema maneno yale yale: "Wamechimba hawa!"

Baba ni mtu wa Tanga. Mpira kwake ulianzia Mkwakwani, akiishabikia Coastal Union. Na kwa mtu wa viwanja vya nyumbani, swali la kwanza siku ya mechi ni moja: jukwaa kuu au mzunguko? Jukwaa kuu lina paa, lina kivuli, lina wakubwa na suti zao. Mzunguko ni jua la utosi, karanga, matusi na furaha. Baba alikuwa mtu wa mzunguko maisha yake yote. Alipofika Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1980, na rafiki yake wa kiwandani akampeleka kuuona uwanja huu, aliupenda kwa sababu moja ambayo ametusimulia mara mia. "Wamarekani wale wamejenga mzunguko mtupu," anasema. "Hakuna jukwaa kuu!"

Nimekua na sentensi hiyo kama wengine wanavyokua na methali.

Mashabiki wakasirikapo

Kabla sijafika 2007, lazima niseme kuhusu ile pete ya njano, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha kiburi.

Mwaka 1998 uwanja uliongezwa viti hadi 107,501, na ukingo wa juu ukavalishwa pete kubwa ya rangi ya njano, yenye maneno ya wimbo wa timu kwa herufi kubwa kabisa. Waliobuni ni ofisi ya Robert Venturi, msanifu majengo mwenye jina kubwa duniani. Kwa macho ya wasanifu huenda lilikuwa wazo la werevu. Kwa macho ya mashabiki ilikuwa kama kumvisha bibi yako miwani ya disko. Kelele zikawa nyingi, na haikupita miaka mingi pete ikashushwa.

Nilikuwa mtoto, lakini somo niliondoka nalo: tukipiga kelele, wanashusha. Uwanja ni wetu.

Kwa hiyo mwaka 2006 ulipotangazwa mpango mpya, nilikuwa tayari. Sasa nilikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho, mwaka wa kwanza wa uhandisi, na nilijiona najua kila kitu kuhusu zege. Mpango ulikuwa kujenga majengo mawili marefu ya matofali, moja upande wa mashariki, jingine magharibi, yakiinuka juu ya bakuli. Ndani yake kungekuwa na vyumba vya kifahari zaidi ya 80, viti vya klabu vipatavyo 3,200, na sehemu mpya ya waandishi wa habari. Gharama yote, dola milioni 226. Chumba kimoja kingekodishwa kati ya dola 55,000 na 85,000 kwa msimu.

Mabishano yale yaligawa familia, na sitanii. Waliounga mkono walikuwa na hoja zao, na nyingine zilikuwa nzito. Uwanja umezeeka. Vyoo ni aibu. Njia kati ya mabenchi ni nyembamba, ngazi hazina vishikio, na nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi ni ya mtu wa mwaka 1927, si ya mtu wa leo. Fedha za vyumba zitalipa hayo yote. Halafu kulikuwa na hoja ya sauti. Bakuli letu lilikuwa na mteremko mdogo na juu liko wazi, kwa hiyo kelele za watu laki moja zilipaa angani na kupotea. Wapinzani walikuwa wanatucheka, wanasema ni kundi la watu laki moja walio kimya kuliko yote duniani. Kuta mbili ndefu zingerudisha sauti uwanjani.

Tuliopinga tulikuwa na neno moja: usawa. Kulikuwa na kundi la wahitimu na mashabiki, Save the Big House, ambalo jina lake lenyewe lilisema yote, maana Big House ndilo jina la utani la uwanja. Tulisema hivi: ukijenga vyumba vya vioo juu ya vichwa vya watu, umevunja kitu ambacho hakiwezi kujengwa tena. Mkubwa atakuwa na mlango wake, chakula chake, kiyoyozi chake. Hatakaa tena karibu na mfagiaji. Na majengo yale yatauondoa ule unyenyekevu wa uwanja usioonekana barabarani. Mwenzangu wa Penn State, kama unasoma: hoja zako zote za wiki iliyopita, nilizisema mimi miaka karibu ishirini iliyopita, na nilizisema vizuri zaidi.

Bwenini kwetu tuliandika karatasi yetu wenyewe ya kukusanya saini. Sentensi ya kwanza niliitunga mimi. Niliitoa, bila shaka, kwa Baba: "Uwanja huu ni wa wote, na wote wakae pamoja."

Jikoni, Mei 2007

Sasa hapa ndipo nilipokwepa hewani.

Baba alipata kiharusi mwaka 2003. Upande wa kulia ulilegea, mkono na mguu. Ndani ya nyumba alijifunza kutembea na fimbo, taratibu, akishika meza na milango. Nje ya nyumba alitumia kiti cha magurudumu. Kuanzia mwaka huo hakwenda tena uwanjani. Tulipomuuliza alikuwa na jibu lililotuchekesha: "Kwenye TV naona vizuri zaidi, na choo kipo karibu." Tukacheka, tukaamini, tukaendelea na maisha. Mimi nikawa nakwenda kila mechi ya nyumbani na marafiki zangu, na jioni namsimulia.

Mwezi wa tano mwaka 2007 masomo yalikuwa yamefungwa, nimerudi nyumbani Ypsilanti na ile karatasi. Mama alisaini huku anakaanga samaki, bila kusoma. Nikampelekea Baba mezani. Yeye husoma kila kitu, hata risiti. Akavaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Hapa mmeandika wote wakae pamoja," akasema.

"Ndiyo Baba. Kama mzunguko."

"Na mimi ningekaa wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu. Nikamwambia kuna sehemu. Akauliza wapi. Nikasema, nadhani juu. Akauliza, juu upande gani, na wewe ungekaa wapi? Nikakaa kimya. Misimu miwili mizima nilikuwa nimeingia uwanja ule kila wiki ya mechi, mwanafunzi wa uhandisi, mtaalamu wa zege, mtetezi wa usawa, na sikuwahi hata mara moja kuangalia mtu kama baba yangu anakaa wapi.

Akavua miwani. Akasema, "Lete kalamu." Akasaini kwa mkono wa kushoto, ule ambao bado ulikuwa haujazoea, herufi zikapanda na kushuka kama ngazi. Akanirudishia karatasi.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kitanda nilikuwa nakilalia, kunguni walikuwa wanamuuma mwingine.

Hesabu ya 1 kwa 100

Kumbe mwezi ule ule swali la Baba lilikuwa mahakamani. Mwezi Aprili 2007, chama cha wanajeshi wa zamani waliopooza, Michigan Paralyzed Veterans of America, kilikuwa kimefungua kesi dhidi ya chuo. Habari hizo nilizijua. Mimi na wenzangu hata tuliishangilia kesi ile, kwa sababu tulidhani itachelewesha vyumba vya kifahari. Kwetu ilikuwa silaha tu, wala hatukuwa tumesoma inasema nini. Usiku ule baada ya jikoni ndipo nikakaa kusoma.

Sheria ya Wamarekani wenye ulemavu ni ya mwaka 1990. Kanuni zake za wakati ule zilitaka uwanja mpya uwe na nafasi za viti vya magurudumu karibu 1 katika kila viti 100. Kwa uwanja wa watu 107,501, piga hesabu: zaidi ya nafasi 1,000. Michigan Stadium ulikuwa na nafasi ambazo hazikufika hata mia moja.

Kwa nini ziwe chache hivyo? Jibu limo ndani ya lile bakuli nililolipenda. Fikiria tena unavyoingia: unaingia juu, ukingoni, halafu unashuka. Kila safu ni ngazi, na safu ni nyingi. Mtu wa kiti cha magurudumu anafika ukingoni na safari yake imeishia hapo. Mteremko mmoja usio na ghorofa wala sakafu za katikati, ule tuliousifu kwamba unawaunganisha watu wote, kwake ulikuwa shimo lenye ngazi pande zote. Hakuna aliyekaa chini mwaka 1927 akasema tuwafungie nje. Walichora bakuli zuri, basi, na hawakumwona mtu huyo kwenye mchoro. Miaka themanini baadaye, na sisi watetezi wa bakuli hatukumwona.

Hoja ya chuo ilikuwa ya kisheria. Kwa jengo la zamani, kanuni hizo zinabana pale unapolifanyia mabadiliko, si matengenezo. Tangu mwaka 1991 sehemu kubwa ya zege la mabenchi ilikuwa imebomolewa na kumwagwa upya, na chuo kilisema hayo yalikuwa matengenezo. Wizara ya Elimu ya Marekani ilichunguza, na Oktoba 2007 ikasema hapana, kazi ile ilivuka mpaka wa matengenezo, na uwanja unakiuka sheria. Wizara ya Sheria nayo ikaingia kwenye kesi.

Nilimsimulia Baba tofauti hiyo ya matengenezo na mabadiliko. Alifanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari zaidi ya miaka ishirini. Akasema, "Ukibadilisha injini ukasema umemwaga oili tu, mteja atakuamini?"

Mwezi Machi 2008 wakapatana. Kufikia 2010 uwanja ungekuwa na nafasi 329 za viti vya magurudumu, na kando ya kila moja, kiti kimoja cha mtu aliyeongozana naye. Nazo zisirundikwe mahali pamoja, zisambazwe. Vyumba vya kifahari havikuzuiwa, vilijengwa kama vilivyopangwa.

Niliposoma ile habari ya kiti cha pembeni, nilikumbuka swali la Baba jikoni. Nililipuuza kwa sababu lilikuja la mwisho: "Na wewe ungekaa wapi?"

67 kwa 65

Uwanja uliopanuliwa ulizinduliwa Septemba 4, 2010, dhidi ya Connecticut. Watu 113,090. Michigan ikashinda 30 kwa 10. Tuliangalia nyumbani, kwenye ile TV inayoonyesha vizuri zaidi.

Aliyewaongoza wachezaji kuingia uwanjani siku hiyo alikuwa kaka wa mmoja wao, kijana aliyepooza kwenye ajali ya gari mwaka 2007. Madaktari walikuwa wamempa asilimia 1 ya matumaini ya kutembea tena. Alitoka kwenye njia ya wachezaji kwa miguu yake, fimbo mbili mikononi, hatua moja, nyingine, mpaka akaligusa lile bango ambalo timu hulirukia kila mechi. Nilimwangalia Baba. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Yeye ana fimbo mbili. Mimi moja inanitosha."

Nikajua ni ruhusa. Nikanunua tiketi.

Tulikwenda Novemba 6, mechi ya Illinois. Mama alimfunga skafu mbili, blanketi miguuni, chupa ya chai ya tangawizi mkononi kwangu. Tukaingia. Nafasi yake ilikuwepo, ya kwake, yenye namba. Kando yake kiti changu. Nikafunga breki za magurudumu, nikakaa, bega langu likagusana na lake kama zamani.

Aliangalia chini, kwenye lile bakuli lote, lenye rangi ya machungwa kidogo upande wa wageni na njano na buluu kwingine kote. Miaka saba. Nikasubiri.

"Wamechimba hawa," akasema.

Kama unafuatilia mchezo huu, unajua mechi ile. Ilikwenda muda wa nyongeza mara tatu. Matokeo, Michigan 67, Illinois 65. Pointi 132, kama mechi ya mpira wa kikapu. Mwishoni Illinois walihitaji pointi mbili tu ili wasawazishe, na watu wote laki moja na zaidi walikuwa wamesimama. Nikamgeukia haraka kwa wasiwasi, maana mtu aliyekaa hujui anaona nini wengine wakisimama. Alikuwa anaona. Mdomo wazi, mkono wa kushoto juu, anapiga kelele za Kiswahili za Mkwakwani, matusi mawili matatu ambayo siyaandiki hapa. Illinois wakazuiwa. Na kelele, jamani, zile kelele! Kuta mbili nilizozipinga zilizirudisha uwanjani zote. Nilizisikia kifuani.

Kabla ya kuondoka nilimwonyesha upande wa pili, kule juu, vile vyumba vya vioo. Nikamwambia, ndivyo vile. Akavitazama.

"Maskini," akasema. "Wamefunga madirisha."

Basi, upande gani?

Mwenzangu, jibu la swali lako: nilikuwa upande wa bakuli. Na leo, ningekuwa nusu.

Bado sivipendi vile vyumba. Bado naona kuna kitu kinapotea wenye hela wanapohama kutoka kwenye benchi la pamoja, na ukisema Penn State isiende huko, nitakusikiliza. Yale matofali yamependeza kuliko nilivyotegemea, sauti imeongezeka kweli, na ngazi sasa zina vishikio. Hayo nayakubali. Lakini usiniambie kwamba vyumba vya kifahari ndivyo vilivyompa baba yangu nafasi. Nafasi zile zilipatikana kwa kesi, na waliokwenda mahakamani ni watu ambao wenyewe walikuwa kwenye viti vya magurudumu. Kambi zote mbili za mabishano, ya vyumba na ya usawa, zilikuwa zimewasahau.

Kazi yangu leo ni kusoma michoro ya majengo. Nimejifunza kwamba picha za mradi zinazotolewa kwa umma huwa nzuri mno. Jua linazama, watoto wana puto, kila mtu amesimama na anatembea. Mashabiki nao hubishania kile picha inachowaonyesha: matofali, matao, rangi ya viti, nani kapewa vioo. Mimi sasa, nikiletewa picha ya uwanja, kwanza namweka Baba getini, halafu namsukuma. Anaingilia mlango gani, ule ule wa wengine au wa pembeni karibu na majalala? Nafasi yake iko sehemu ngapi, au moja tu, kule kwenye upepo? Anaweza kununua tiketi ya bei rahisi, au nafasi zote zimewekwa kwenye viti vya ghali? Aliyekuja naye anakaa kando yake au safu tatu mbele? Wa mbele wakisimama, anaona nini? Na choo kiko umbali gani?

Waulize hayo Penn State kabla hujawauliza kuhusu vyuma. Na tuwaulize watu wetu pia. Kwa ajili ya AFCON 2027 Kenya, Tanzania na Uganda wanajiandaa kupokea Afrika nzima, na picha za viwanja vipya, wa Arusha na ule wa Talanta Nairobi, zimezunguka kwenye WhatsApp za familia zetu zote. Sote tumezisifu kwa vidole gumba. Sijaona hata mjomba mmoja aliyeuliza kiti cha magurudumu kinapita wapi.

Na kabla ya viwanja, zile kumbi tunazokodi sisi wenyewe huku ughaibuni kwa harusi na Idi. Mwaka juzi nilihudhuria harusi kwenye ukumbi wenye ngazi tisa mlangoni. Vijana wanne walimbeba babu wa bibi harusi juu, kiti na yeye mwenyewe, watu wakapiga vigelegele. Yeye hakucheka. Nilikuwa mmoja wa wale wanne, na nilikuwa kwenye kamati iliyochagua ukumbi. Kwa hiyo msidhani nimeshajifunza nikamaliza.

Wiki ijayo mwenzangu amepewa dakika tano za kujibu, bila kukatizwa. Najua hatazitosheka.

Jana nilimpigia simu Baba kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Anaongea polepole siku hizi, unasubiri neno lifike. Nikamsomea yote, mpaka pale jikoni, pale pa karatasi. Akanyamaza nikadhani simu imekatika.

"Andika," akasema. "Lakini usisahau kuandika kwamba nilisaini."